Mkanda wa taimingi kwa gari la foleni: hesabu saa, si kilomita tu

Juzi nilimsaidia jirani kubadilisha mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno unaofanya valvu za injini zifunguke kwa wakati wake. Odometa ilikuwa kwenye kilomita 61,000, na kitabu cha gari lake kinasema ubadilishwe kwenye 100,000. Lakini mgongo wa mkanda ulishajaa nyufa kama kisigino kikavu. Asubuhi foleni, jioni foleni, miaka nenda rudi.

1. Tafuta saa za injini

Odometa huhesabu magurudumu, ila mkanda unazunguka hata gari likiwa limesimama. Rudisha kipimo cha mwendo wa wastani kwenye sifuri, endesha wiki nzima, kisha gawa kilomita za odometa kwa wastani utakaoupata. Kilomita 100,000 kwa wastani wa 50 kwa saa ni saa 2,000. Kwa wastani wa 20, saa hizo hizo zinatimia kwenye kilomita 40,000.

Hiyo haina maana ubadilishe kwenye 40,000, kwa sababu gari likisimama injini huzunguka polepole. Lakini kwenye foleni hakuna upepo wa kupooza injini, na joto ndilo linalokausha mpira. Vitabu vingi vya magari vina ratiba ya matumizi magumu. Kama unaishi kwenye foleni, fuata hiyo. Ukomo wa miaka nao uuheshimu: kinachotangulia kufika ndicho kinachohesabika.

2. Kagua

Fungua kifuniko cha juu. Ukiona nyufa, meno yaliyolika au oili, badilisha. Oili ikionekana, badilisha na sili inayovuja, maana itaharibu mkanda mpya. Mkanda ukionekana mzima lakini muda wake umepita, bado ubadilishe. Mingi hukatika bila dalili.

3. Nunua seti nzima

Mkanda, tensiona (kikaza mkanda), rola (gurudumu dogo la kuongoza mkanda), na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huo. Mkanda peke yake mimi sifungi. Beringi za tensiona zimezunguka saa zilezile.

4. Fungua

Toa waya wa betri, egemeza injini, toa mikanda ya nje, plagi, puli ya kranki (mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni) na vifuniko.

5. Weka taimingi

Hapa usiharakishe. Kwenye injini nyingi, mkanda ukikosea meno, valvu zinagongana na pistoni na kupinda.

Kabla ya kulegeza chochote, zungusha kranki hadi alama yake na za kamshafti (mhimili unaofungua valvu) zikae mahali pake. Piga picha, weka na alama zako za rangi nyeupe. Zungusha kwa spana kwenye bolti ya kranki, kuelekea upande injini inakozungukia. Usizungushe kwa bolti ya kamshafti, wala kwa stata.

Valisha mkanda kuanzia kranki ukiuvuta, ili ulegevu wote ubaki upande wa tensiona. Ulegevu ukibaki upande mwingine, tensiona ikikaza kamshafti inasogea na umekosa jino moja.

Kaza tensiona, kisha zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Kamshafti huzunguka mara moja kranki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo alama za puli (magurudumu yenye meno yanayobeba mkanda) lazima zirudi palepale. Ukihisi kitu kimekwama, acha. Usilazimishe.

Sasa jambo lililonila mchana mzima mara ya kwanza: mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi kwenye alama baada ya mizunguko hiyo miwili. Mimi nilifikiri nimekosea, nikafungua na kufunga upya mara tatu, kumbe kazi ilikuwa sawa tangu mwanzo. Mistari ile ni ya kukusaidia kuvalisha tu. Unapohakiki, angalia alama za puli peke yake, kisha angalia tena mkao wa tensiona.

6. Funga

Bolti ya kranki ikaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha kitabu. Mashine ya upepo hapa siiamini. Kwenye kifuniko bandika karatasi yenye tarehe, kilomita na wastani wa mwendo, ili fundi ajaye asihesabu kilomita peke yake.