Somo: zege la msingi na jamvi (zege la sakafu ya chini) la nyumba ya kawaida, na kifusi kilichonipasulia sebule

Habari zenu wanachama. Kila wiki naulizwa swali lilelile: "Fundi, jamvi limepasuka, ningeongeza mifuko mingapi ya saruji?" Nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niandike somo moja, ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Ninazungumzia nyumba ya chini isiyo na ghorofa, ya matofali ya saruji, kwenye ardhi ya kichanga kama ile ya maeneo mengi ya Dar es Salaam na Pwani. Mwenye kiwanja cha udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, asitumie vipimo hivi; amwite mhandisi kabla hajachimba.

Hatua ya 1. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na majani, uuweke kando kwa ajili ya bustani.

Hatua ya 2. Pima kona kwa 3-4-5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kamba ya kuziunganisha iwe mita 5 kamili. Kisha pima nyumba nzima kona kwa kona. Vipimo viwili visipolingana, rudia.

Hatua ya 3. Chimba mtaro wa upana wa sentimita 60 hadi ufike ardhi ngumu ambayo haijawahi kuchimbwa, halafu sawazisha chini kwa mpira wa maji (mpira mwangavu uliojazwa maji wa kupimia usawa). Ukikuta shimo la zamani la taka au la choo, toa uchafu wote hadi ufike ardhi safi na ujaze kwa zege, si kwa udongo.

Hatua ya 4. Mwaga zege la msingi. Unene wake usikisiwe. Zege lisilo na nondo linatakiwa liwe na unene usiopungua kiasi linachochomoza nje ya ukuta kila upande. Ukilaza matofali ya inchi 6, ukuta wa msingi unakuwa na upana wa sentimita 23. Toa 23 kwenye 60, gawa kwa mbili, unapata 18.5, hivyo zege la sentimita 20 linatosha. Ukiyasimamisha matofali, ukuta unakuwa na sentimita 15, na zege lilelile linatakiwa liwe karibu sentimita 23. Nyumba yenye nguzo za nondo ina hesabu yake ya kitako cha nguzo, na hiyo ifuate mchoro.

Hatua ya 5. Jenga ukuta wa msingi, funga mkanda (zege lenye nondo linalozunguka juu ya ukuta huo), na upitishe mabomba yote ya maji machafu kabla ya kujaza.

Hatua ya 6. Kifusi, yaani udongo wa kujazia ndani ya msingi chini ya jamvi. Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu nyumba yangu mwenyewe.

Kiwanja changu kina mteremko, kwa hiyo upande wa sebule kifusi kilihitaji kimo cha sentimita 70, ilhali vyumba vya nyuma vilihitaji 20 tu. Masika yalikuwa yanakaribia na nilikuwa na haraka. Nikamwaga kifusi chote kwa mara moja, humo humo nikachanganya udongo uliotoka kwenye mtaro, nikafungulia maji usiku kucha nikiamini yatakishindilia, na siku ya pili vijana wakakikanyaga, tukamwaga jamvi. Baada ya masika ya pili ufa ulitokea kutoka mlango wa sebule hadi chini ya dirisha, mwanzoni mwembamba kama uzi, baadaye ukaweza kupokea sarafu. Nilipogonga sakafu kwa mpini wa nyundo ilitoa mlio wa debe tupu. Tulipovunja, nailoni ilikuwa inaning'inia chini ya zege, na kati yake na kifusi palikuwa na uwazi ulioingiza kiganja changu hadi kwenye kifundo cha mkono. Vyumba vya nyuma, vilivyomwagwa siku ileile, kwa saruji ileile na mafundi walewale, havina ufa hadi leo. Tofauti ilikuwa kimo cha kifusi ambacho hakikushindiliwa, basi.

Kwa hiyo fanya hivi. Tumia moramu (udongo wa changarawe) au mchanga mgumu usio na mfinyanzi, mizizi wala taka. Mwaga tabaka la sentimita 15, lowesha kidogo, shindilia kwa mashine au kwa kishindilio kizito cha mkono, ndipo umwage tabaka linalofuata. Sentimita 70 ni tabaka tano. Kujua kama unyevu unatosha, fumbata kifusi mkononi: kinatakiwa kishikamane kama donge, ukilibonyeza kwa kidole livunjike, na kiganja kisibaki na maji. Onyo la kwanza: maji ya kufungulia usiku kucha hayashindilii, hulainisha udongo wenye mfinyanzi, kisha ukikauka unashuka. Onyo la pili: jaza vyumba vyote kwa kwenda sambamba, kwa sababu chumba kimoja kikijaa na cha jirani kikiwa kitupu, kushindilia kunaweza kuusukuma ukuta wa msingi. Onyo la tatu: usikubali kuambiwa kazi imekwisha kabla hujachukua kipande cha nondo ya milimita 12 na kukisukuma kwa mkono sehemu mbalimbali, hasa pembeni mwa kuta. Mahali kinapozama kwa urahisi, fukua urudie.

Hatua ya 7. Nyunyiza dawa ya mchwa, tandika nailoni nzito, vipande vipandane angalau sentimita 20, kisha weka BRC (wavu wa nondo nyembamba) juu ya biskuti za zege, yaani vipande vidogo vya kuiinua, ili isilale chini.

Hatua ya 8. Mwaga jamvi la sentimita 10 kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), asubuhi mapema. Mfuko wa kilo 50 unahitaji takriban lita 25 za maji, na ukiwa na mchanga uliolowa upunguze. Kibarua akiongeza ndoo ili zege liteleze kwenye toroli, mzuie hapo hapo, kwa maana maji ya ziada yakikauka yanaacha matundu na zege linasinyaa zaidi.

Hatua ya 9. Likishikana, lifunike na ulimwagilie siku 7 bila kuruka hata moja.

MASWALI

Swali: Fundi, sijasoma yote. Jamvi langu lina nyufa, je, nimwage lingine juu lenye saruji nyingi?

Jibu: Soma hatua ya 6, kisha gonga sakafu. Ikilia debe tupu, zege la juu litapasuka kama la chini.

Swali: Vipimo vya jamvi ni mita 10 kwa 8. Saruji mifuko mingapi?

Jibu: Zidisha 10 kwa 8 kwa 0.1, unapata mita za ujazo 8. Kwa 1:2:4 kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na robo hivi, kwa hiyo ni kama 50. Nunua 54 kwa ajili ya upotevu. Mchanga ni karibu mita za ujazo 3.5 na kokoto 7. Pima kwa ndoo iliyojazwa na kusawazishwa juu, wala usipime kwa beleshi.

Swali: Mafundi wangu wanasema biskuti ni kupoteza muda, wataivuta BRC juu kwa mkono wakati wa kumwaga.

Jibu: Wataivuta, kisha wataikanyaga. Weka biskuti.

Swali: Kwa heshima, ndugu, unawatisha watu na kuwaongezea gharama. Baba yangu alijaza mchanga kwa siku moja na nyumba ipo tangu 1988.

Jibu: Ndugu yangu, siuzi moramu wala sikodishi mashine. Kama kiwanja cha mzee kilikuwa tambarare na kifusi kilikuwa cha sentimita 20, alikuwa na nafasi nzuri ya kusalimika, kama vilivyosalimika vyumba vyangu vya nyuma. Mimi nimelipa gharama ya kuvunja sebule, na ilizidi sana gharama ya kushindilia.

Swali: Niko Kigamboni na maji ya kisima changu yana chumvi. Je, naweza kuyatumia kwenye zege? Na nitajuaje mchanga mzuri?

Jibu: Dada, umeuliza jambo muhimu. Chumvi huozesha chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulisukuma zege kutoka ndani hadi lipasuke. Zege lenye BRC au nondo lichanganywe kwa maji yanayofaa kunywewa, hata ikibidi kununua boza, na mchanga wa ufukweni usiutumie kabisa. Kuujaribu mchanga, jaza nusu ya chupa angavu, ongeza maji na chumvi kidogo ya jikoni, tikisa kwa nguvu, uiache itulie saa tatu. Matope hukaa juu ya mchanga kama utando wa rangi tofauti. Yakizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga ulio chini yake, rudisha lori.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi. Kwa nini tunamwagilia zege ambalo tayari limekauka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Zege halikomai kwa kukauka; saruji inaungana na maji, na muungano huo unaendelea kwa wiki nyingi, ndiyo maana nguvu yake hupimwa siku ya 28. Maji yakitoroka mapema kwa jua na upepo, muungano unakoma na uso unabaki unga unga. Jaribu: kwangua kwa msumari jamvi lililomwagiliwa na lile lililoachwa, utaona mwenyewe.

Mchango wa mwanachama: Mimi huzungushia ukingo wa mchanga kando ya jamvi na kutuamisha maji. Nafuu kuliko mpira kila saa.

Jibu: Njia nzuri sana, ila ziba kwanza midomo ya mabomba ya choo kwa vitambaa vilivyofungwa nailoni, mchanga usije ukaingia.