Jinsi ya Kuomba Rufaa na Kujiandaa Kumwona Daktari Bingwa Mbeya

Mgonjwa anayetoka Ludewa, Makete au Mbozi kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya huanza kutoa fedha kabla hajafika dirishani: nauli, chakula, gesti, na nauli ya ndugu anayemsindikiza. Akifika anakutana na daktari ambaye hajawahi kumwona na mwenye foleni ndefu mlangoni. Muda huo mfupi utazaa matunda endapo barua ya rufaa imejazwa sawasawa na mgonjwa anajua kuueleza ugonjwa wake. Yote mawili hukamilishwa kabla ya kupanda gari.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa ambaye hali yake inaruhusu kusubiri tarehe. Anayepumua kwa shida, aliyepooza ghafla upande mmoja, mwenye maumivu makali ya kifua, mtoto mwenye degedege au mjamzito anayetokwa damu apelekwe mara moja kituo kilicho karibu. Dharura haingoji barua, na kama rufaa itahitajika, kituo hicho ndicho kitakachoipanga.

Kuomba rufaa

Njia ya kawaida huanzia zahanati, ikapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha ya kanda. Anayeruka ngazi kwa ugonjwa usio wa dharura anaweza kukataliwa na bima yake, au akarudishwa alikotoka kwa kipimo ambacho kingefanyika hukohuko wilayani.

Rufaa hutolewa na daktari anayekutibu, lakini mgonjwa ana haki ya kuiulizia. Sema wazi na kwa adabu: "Daktari, dawa hizi nimezitumia miezi mitatu na bado mguu unavimba. Je, inafaa nionwe na bingwa?" Akiona haihitajiki, muulize ni kipimo gani kingine kitafanyika hapo na urudi lini. Ukitoka na jibu hilo, hujatoka mikono mitupu.

Ukishapewa barua, usiitie mfukoni kabla ya kuisoma, au umpe anayesoma vizuri. Inatakiwa iwe na jina lako, umri, namba ya faili, tatizo na lilipoanza, vipimo vilivyofanyika pamoja na majibu yake, dawa ulizotumia, sababu ya kukupeleka mbele, jina na sahihi ya daktari, na muhuri. Sehemu ya majibu ya vipimo ndiyo huachwa wazi mara nyingi. Ikiwa wazi, bingwa hana la kufanya ila kuagiza vipimo vile vile upya, nawe unavilipia mara ya pili.

Jina nalo huleta usumbufu mkubwa. Huku kwetu watu wengi wana jina la nyumbani na la ubatizo: barua inasema Tuntufye, kadi ya bima inasema Grace, na dirishani wanaonekana watu wawili. Jina kwenye barua lifanane na la kadi ya bima na kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Likikosewa, lirekebishwe siku hiyo hiyo, mwenye muhuri akiwa bado yupo.

Angalia pia unaelekezwa wapi hasa. Jiji la Mbeya lina Hospitali ya Rufaa ya Kanda na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na hizo ni hospitali mbili tofauti. Kitengo cha wazazi cha Meta kiko chini ya hospitali ya kanda, ila kipo eneo lake chenyewe. Ukimwambia bodaboda "nipeleke rufaa" tu, unaweza kufikishwa geti lisilo lako na asubuhi yako ikaishia hapo. Barua itaje hospitali na kliniki: mifupa, macho, moyo, upasuaji, wanawake.

Kliniki za kibingwa huwa na siku zake katika wiki. Usitegemee siku aliyokwenda jirani mwaka jana, maana ratiba hubadilika. Mwombe anayekuandikia rufaa apige simu kuulizia, au upige wewe kabla ya kukata tiketi. Kutoka Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Anayetoka huko afike Mbeya jana yake alale, kwa sababu basi la alfajiri litamfikisha foleni ikiwa imekwisha kupangwa.

Fedha na karatasi

Kama una bima, uliza mapema kama inafika ngazi ya kanda na kama huduma unayoiendea imo, kwa kuwa vifurushi havilingani. Mgonjwa aende mwenyewe na kadi yake. Kadi ya ndugu haitumiki. Ukipewa fomu ya bima utie sahihi, soma kwanza huduma zilizoandikwa humo. Sahihi yako inathibitisha kwamba umezipata.

Anayelipa taslimu hupewa namba ya malipo, anayoilipia kwa simu, benki au kwa wakala. Hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na usifute ujumbe wa muamala mpaka umalize matibabu. Usimkabidhi fedha mtu yeyote kwenye korido anayeahidi kukusogeza mbele ya foleni.

Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wamo katika makundi ya msamaha kwa sera ya afya. Asiye na uwezo kabisa aende na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na akifika aulize ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kupewa bili. Wengi huikumbuka ofisi hii baada ya bili kupanda, wakati mambo yamekwisha kuwa magumu.

Weka kwenye bahasha moja barua ya rufaa na fotokopi yake, kadi ya bima, kitambulisho, kadi ya kliniki, majibu ya zamani na filamu za eksirei. Filamu isikunjwe. Dawa zote unazotumia zibebe zikiwa kwenye paketi zake, hata zile za duka la mtaani, na hata za mitishamba. Kusema "nakunywa kidonge cheupe cha presha" hakumsaidii daktari, kwa kuwa vidonge vyeupe vya presha ni vingi. Za mitishamba zitaje bila aibu. Baadhi hugongana na dawa za hospitali au huumiza ini na figo, na daktari asipojua atatafuta chanzo kusikokuwepo.

Siku moja kabla

Uliza kama kuna kipimo kinachotaka ufunge. Kipimo cha sukari ya kufunga huhitaji angalau saa 8 bila chakula wala chai. Maji matupu yanaruhusiwa. Ukila mara ya mwisho saa 3 usiku, saa 2 asubuhi uko tayari. Ultrasaundi ya tumbo la juu nayo hutaka tumbo tupu. Ya nyonga ni kinyume chake, hutaka kibofu kilichojaa: kunywa kama lita 1 ya maji saa moja kabla na usiende haja ndogo. Wengi hukojoa dakika chache kabla ya kuitwa, kisha hurudishwa benchi kuanza kunywa upya.

Mwenye kisukari asijifungishe kwa kukisia. Aulize kama ameze dawa au achome insulini asubuhi hiyo, maana dawa bila chakula inaweza kushusha sukari hadi kuzimia. Abebe sukari au juisi, na akianza kutetemeka na kutoka jasho aitumie papo hapo, kipimo kisubiri. Dawa za presha kwa kawaida humezwa kama siku zote kwa maji kidogo, isipokuwa daktari ameelekeza vingine.

Mavazi yana uzito wake, hasa Juni na Julai ambapo baridi ya Mbeya huwafanya watu wavae sweta mbili na koti. Mkanda wa presha ukifungwa juu ya sweta nene, kipimo huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Mkono wa nguo uliokunjwa ukabana bega nao huharibu kipimo. Vaa vazi la ndani la mikono mifupi ili uvue ya juu kwa urahisi. Vidole vilivyoganda hukichanganya kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, vivyo hivyo hina na rangi ya kucha. Pasha mikono kwanza. Kabla ya kupimwa presha kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote sakafuni bila kupishanishwa, na usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa.

Ndani ya chumba cha daktari

Mapokezi watafungua faili, utalipia au kuhakikiwa bima, muuguzi atapima presha, joto na uzito, ndipo uitwe. Ukihitaji kutoka, mwambie muuguzi ili jina lisipite.

Anza na kinachokusumbua zaidi. Wengi huanza na kikohozi kidogo, na lile lililowatoa nyumbani hulitaja wakiwa wameshika kitasa cha mlango. Andaa maelezo mafupi: kinachouma na mahali penyewe, kilianza lini, kinazidi ukifanya nini, kinapungua kwa nini, umetumia dawa gani na zilisaidia kiasi gani. Tarehe ikikupotea, tumia msimu: "kilianza wakati wa kuvuna mahindi." Taja dawa iliyowahi kukuwasha au kukuvimbisha, na mwanamke aseme kama ni mjamzito au anahisi hivyo kabla ya eksirei.

Msindikizaji amwache mgonjwa aseme mwenyewe. Mzee anayeulizwa kuhusu mkojo mbele ya binti yake atajibu "niko salama," na ugonjwa utabaki umefichwa. Msindikizaji aombe kutoka dakika chache, kisha aitwe kusikiliza maelekezo. Bibi anayezungumza Kihehe au Kinyakyusa zaidi aende na mtu mzima anayeijua lugha hiyo na Kiswahili, si mjukuu wa darasa la tatu.

Kabla ya kuinuka, uliza: ugonjwa wenyewe ni nini? Kipimo hiki kinatafuta nini? Dawa hii ni ya muda gani? Nikiona dalili ipi nirudi bila kusubiri tarehe? Kisha rudia ulichoelewa: "Kwa hiyo nameza hiki asubuhi na jioni baada ya kula, sivyo?" Hakuna daktari makini anayekerwa na swali hilo.

Kwenye dirisha la dawa, soma bahasha ukiwa hapo hapo. Ikiandikwa 1 x 3 x 5, ni kidonge 1, mara 3 kwa siku, kwa siku 5. Mara 3 ni kila baada ya saa 8. Dawa ikikosekana, uliza jina lake liandikwe vizuri na kama ipo mbadala anayoikubali daktari. Usimwachie muuza duka akuchagulie.

Usiondoke bila tarehe ya kurudi na barua ya majibu kwa hospitali iliyokutuma. Muulize bingwa kama ufuatiliaji unaweza kufanyika wilayani kwako, katika hospitali kama Makandana, Vwawa au Rujewa, na urudi Mbeya kwa lipi. Barua hiyo ipeleke wilayani wiki hiyo hiyo iwekwe kwenye faili lako, na ubaki na fotokopi.