Kulala na gari Vumawimbi: betri na sola zisikuzimie usiku

Siku hizi vijana wanatoa viti vya Hiace wanatia godoro, feni na kifriji, wanakwenda zao kulala Makangale au Vumawimbi kule mwisho wa Pemba. Raha tupu (mpigieni hodi sheha kwanza lakini), ila usiku wa pili ndo utasikia "mbona friji halipozi?"

Anza na hesabu ya ulaji. Chukua wati za kitu zidisha na masaa. Taa ya LED ya wati 5 kwa masaa 5 ni wati-saa 25, hiyo si kitu, feni ya wati 15 ukilala nayo masaa 8 ishafika 120, simu mbili tatu tia 40. Mlaji mwenyewe ni friji la volti 12, kwa joto la kaskazi linaweza kula 400 kwa siku. Jumla unakaribia 600. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ya kwako wewe ni nusu tu, ukiishusha zaidi kila siku inakufa mapema. Betri ya lithiamu unaweza kula mpaka 80 kwa mia, sema bei yake nayo mmh. Na ile betri ya kuwashia gari usiiguse kabisa, mtasukuma Hiace kwenye mchanga asubuhi na mapema.

Kwa jua letu hesabu kama masaa 5 ya jua kali, paneli ya wati 100 ikikupa wati-saa 350 mpaka 400 ushukuru. Kwa hiyo ulaji huo unataka paneli mbili.

Sasa kivuli. Mtu anapenda kuegesha chini ya mnazi au mvinje apate ubaridi, na paneli kaifunga juu ya gari, hapo umejinyima mwenyewe! Seli za paneli zimeungwa moja baada ya nyengine, kuti moja tu likitia kivuli pembeni utaona kwenye kontrola (kile kiboksi cha kati ya paneli na betri) ampea zinaporomoka, kuti likisogea na upepo zinapanda, likirudi zinashuka tena. Bora gari likae kivulini na paneli utembee nayo juani kwa waya mrefu, waya mnene lakini, mwembamba unakula umeme njiani. Ilaze karibu bapa, sisi tuko karibu na ikweta, inamishe kidogo tu maji yasituame. Na munyu wa bahari unaganda kwenye kioo, ufute kwa maji baridi asubuhi kabla hakijapata moto, vichwa vya betri vipake grisi.

Kuunga kwenye kontrola, betri kwanza ndo paneli, kutoa unaanza na paneli. Fyuzi ikae karibu na betri, hili sitaki ubishi.

Alfajiri kabla jua halijatoka zima kila kitu, subiri kidogo, soma volti. 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya hapo siku hiyo friji lipumzike. (Lithiamu volti zake hazikwambii kitu, zinakaa palepale mpaka karibu na mwisho, tia mita ya kuhesabu ampea.) Laptopu na mambo mengine ya kuchaji fanya saa tano mpaka saa nane mchana, umeme unatoka juani moja kwa moja betri haisikii. Inveta (ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) zima ukimaliza, inakula hata ikiwa haina kazi. Birika la umeme la wati 1,500 liacheni nyumbani jamani, kwa volti 12 linavuta ampea zaidi ya 125, chai ichemsheni kwa gesi.

Ikiwa ni masika na wingu limekaa siku mbili, kuacha gari linanguruma palepale hakusaidii sana, bora uendeshe mpaka Konde ukanunue na mahitaji, alteneta (jenereta ya injini ya gari) inachaji vizuri ukiwa njiani. Mwenye lithiamu asiunge moja kwa moja na alteneta, inavuta mno mpaka alteneta inaungua, atie chaja ya disii kwa disii (inayopunguza umeme unaovutwa) hapo katikati.