Baiskeli ya umeme ya bei nafuu: anza na betri

Mteja akija kwenye kibanda changu hapa Ngamiani kuulizia baiskeli ya umeme, swali la kwanza ni bei, la pili ni rangi. Mimi namuuliza ina volti ngapi na chaja yake iko wapi. Fremu, mnyororo, breki na tairi si shida. Tanga ni mji wa baiskeli, mafundi wa kuziba pancha wamejaa kila kona. Betri ndiyo inayokula sehemu kubwa ya pesa yako, na ikifa unabaki unakanyaga chuma kizito kuliko cha jirani yako ambaye hakununua umeme.

Za bei nafuu zinazopita mikononi mwangu ni za namna tatu.

Kuna mtumba wa Japani: Panasonic, Yamaha, Bridgestone. Ni imara sana. Nyingi hazina eksileta, usipokanyaga haziendi, na mwendo ukifika kilomita 24 kwa saa mota inakuachia miguu yako, kwa sababu sheria ya kwao ndiyo inavyotaka. Mtego uko kwenye betri na chaja. Betri ya Mjapani haipeleki umeme tu, inapeana taarifa na mota, kwa hiyo huwezi kufunga betri yoyote kwa sababu volti zimelingana. Chaja nayo igeuze, usome kibandiko cha chini. Kikisema 100V peke yake, usiichomeke ukutani; umeme wetu ni 230 na chaja itapiga mlio mmoja na kutoa moshi. Kikisema 100–240V, chomeka. Hiyo ya 100V inahitaji transfoma ya kushusha umeme, basi bei ya transfoma uijumlishe kabisa wakati unapatana. Na muuzaji akikwambia “betri utapata tu mjini”, mwachie baiskeli yake.

Kuna za Kichina zenye betri za risasi, zile kama za kwenye mifumo ya sola lakini ndogo. Bei yake inavutia. Betri moja ya 12V na 12Ah (Ah ni kipimo cha ujazo wa betri) ina uzito wa kilo nne hivi, na baiskeli ya 48V inabeba nne. Nyanyua mwenyewe hapo dukani kabla ya kulipa, hasa kama unaishi ghorofani.

Halafu kuna baiskeli ya kawaida iliyofungwa mota kwenye gurudumu, kontrola (kile kisanduku kinachogawia mota umeme), na betri ya lithiamu kwenye fremu. Hii ndiyo ninayoipendekeza. Kila kipande kinabadilishwa peke yake, na kikiharibika kimoja huhitaji kumbembeleza mwenye kampuni. Kwa mji ulio tambarare kama huu, mota ya 250W inakutoa Ngamiani hadi Raskazone bila jasho. Anayeishi Lushoto asinisikilize. Kule atafute mota ya katikati inayotumia gia za baiskeli, maana mota ndogo ya gurudumuni ikipanda mlima mrefu taratibu inapata moto mpaka inaungua.

Hesabu ya umbali ni rahisi, wala usimwachie muuzaji akufanyie. Zidisha volti kwa Ah. Betri ya 36V na 10Ah inakupa wati-saa 360. Mtu anayesaidia kukanyaga hutumia kama 10 hadi 15 kwa kilomita, anayevuta eksileta tu hutumia 20 na kuendelea. Kwa hiyo betri hiyo ni kilomita 25 hadi 35 kwa mkanyagaji, na kama 18 kwa mvivu. Ukiambiwa 80, cheka. Kuijaza hata nusu yuniti ya Luku haiishi.

Siku ya kununua, nenda na mita ya kupimia volti, hata ile ya bei ya chini kabisa. Mwambie muuzaji aijaze betri kabla hujafika. Pima: lithiamu ya 36V iliyojaa inasoma karibu 42, ya 48V inasoma karibu 54.6. Kisha panda, kanyaga kidogo, vuta eksileta mpaka mwisho huku mwenzako amepakia nyuma, na mtu wa pembeni au kioo cha usukani kikuoneshe volti. Kushuka volti mbili tatu ni kawaida. Ikianguka kutoka 41 hadi 33 halafu ukiachia inarudi juu, hiyo betri imezeeka, hata kama gamba lake linang'aa. Itazame pia kwa macho: gamba lililovimba, alama ya kuangushwa, skrubu zilizokwisha kufunguliwa. Ukiona hata kimoja, usinunue hata ukipunguziwa.

Matunzo

Chaji lithiamu kila inapokufaa, haina haja ya kuisubiri iishe. Ukitoka juani iache ipoe kwanza. Kama unasafiri mwezi mzima, iache ikiwa nusu, si imejaa wala si tupu. Ya risasi ni kinyume: ijaze mara tu unapofika nyumbani, na usiiache ikae tupu, bamba zake za ndani zinaota ukoko na uwezo wake unapungua.

Chajia kwenye sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, na kamwe si mlangoni unapopitia kutoka. Usiichaji usiku umelala. Chaja lazima iwe ya betri ile ile. Plagi kuingia si kibali. Chaja ya lithiamu chuma-fosfeti ya 48V huenda hadi 58.4, na ukiichomeka kwenye lithiamu ya kawaida inayotaka 54.6, unategemea kile kisakiti cha ulinzi kilichomo ndani kikuokoe na moto.

Adui mkubwa wa huku pwani ni chumvi. Chomoa viungio vyote vya nyaya kabla ya masika na kabla ya vuli, futa ule unga wa kijani kwa mswaki na spiriti, paka vaselini nyembamba, rudisha. Mvua ya kawaida haina neno. Kuosha kwa mashine ya presha pale wanapooshea bodaboda kunasukuma maji mpaka ndani ya mota. Na betri iliyozama kwenye maji ya chumvi usiichaji tena, hata ikikauka na kuwaka; itoe nje ya nyumba.

Nati za ekseli ya mota zikague mara kwa mara. Mota husukuma ekseli yake kinyumenyume, na nati ikilegea ekseli inazunguka kwenye uma wa fremu na kuzikata nyaya zote kwa mara moja. Ile washa (kipete cha chini ya nati) yenye ulimi ikae ndani ya nafasi yake, si juu. Spoku za gurudumu lenye mota nazo hulegea haraka. Zigongegonge kwa spana, yenye sauti ya kufa ikaze. Tairi ijaze upepo kama ilivyoandikwa ubavuni mwake. Tairi laini inakula betri.

Ikigoma

Kwanza usifungue kontrola. Wanaoniletea kontrola iliyofunguliwa kwa bisibisi ya jikoni wananiongezea kazi na wao wanajiongezea gharama.

Haiwaki kabisa: pima betri kwenye mdomo wake. Ikisoma sifuri, angalia fyuzi na swichi ya ufunguo. Ikisoma vizuri, tatizo liko mbele, kwenye kiungio kilichoota kutu au kontrola.

Inawaka, taa zipo, lakini mota haigeuki: chomoa nyaya za swichi za breki, zote mbili. Mkono wa breki una swichi inayokata umeme ukibana, na ikinasa kwa vumbi, kontrola inadhani umeshika breki siku nzima. Nusu ya wagonjwa wanapona hapa hapa. Ukishajua ni swichi, isafishe au uibadilishe, usiache imechomolewa. Kama bado, pima eksileta: waya mwekundu na mweusi zikupe kama volti 5, na waya wa tatu uanze karibu 0.8 hadi 1 na kupanda kuelekea 4 unapovuta. Usipopanda, eksileta imekufa. Ni kipande cha bei ndogo.

Mota inatetemeka na kunguruma badala ya kuzunguka: waya mmoja kati ya nyaya tatu nene za mota umeachia, au vihisi vilivyo ndani ya mota vina hitilafu. Vuta kiungio taratibu uone kama kuna pini iliyorudi nyuma. Halafu washa, zungusha gurudumu polepole kwa mkono huku ukipima waya mwembamba wa njano, wa kijani, kisha wa bluu; kila mmoja uruke kati ya sifuri na 5. Usioruka ndio mgonjwa.

Gurudumu ni zito na linakwamakwama hata umeme ukiwa umezimwa: chomoa nyaya tatu nene. Likilegea, kontrola imeungua ndani. Kwa mota yenye gia lizungushe kinyume, kwa sababu mbele linateleza lenyewe na halikuambii kitu.

Inazima njiani. Juzi mzee wa Mwambani kaniletea yake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Hii nikipakia mzigo inazima. Nikishuka, nikiiwasha tena, taa zote zinajaa. Ina shetani?”

“Haina shetani mzee, betri imechoka.”

Volti inaanguka mzigo ukiwa mkubwa, ulinzi unakata, ukipumzika zinapanda tena, na zile taa za betri zinakudanganya. Dawa ya muda ni kukanyaga wakati wa kuondoka na kuvuta eksileta taratibu. Dawa ya kweli ni seli mpya (vile vibetri vidogo vya ndani), zote kwa pamoja, za aina moja. Fundi anayetaka kubadilisha mbili tatu na kuacha nyingine kuukuu, mshukuru uondoke.

Fundi akitaka kukuuzia betri ya 48V kwa baiskeli ya 36V ili “ikimbie”, mwombe kwanza akuoneshe kondensa za kontrola, vile vikopo vidogo vya ndani vinavyohifadhi umeme. Zikiwa zimeandikwa 50V, betri hiyo ikijaa ina 54.6, na zinaweza kupasuka ukiwa umeipanda.