Namna ya Kumshuhudia Jirani Ambaye Bado Hajaamini

Makanisa yetu yanapoandaa wiki ya uinjilisti wa nyumba kwa nyumba, maandalizi mara nyingi huishia kwenye vipeperushi, vipaza sauti na zamu za maombi, na yule anayekwenda kubisha hodi huachiwa atafute mwenyewe la kusema akiwa tayari mlangoni. Maelekezo haya ni yake, na sehemu kubwa nimejifunza kwa kukosea. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimkuta mama mmoja uani akichambua mchele, nikaketi kwenye kigoda alichonisogezea, nikamhubiria dhambi na hukumu kwa robo saa nzima. Nilipomwuliza kama yuko tayari kuokoka, alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa pembeni, akasema, "Mwanangu, mbona hata jina langu hujaniuliza?"

Nendeni wawili wawili, kama Yesu alivyowatuma wanafunzi wake, na ikiwezekana mmoja awe mwanamke, kwa kuwa mwanamume hapaswi kuingia peke yake katika nyumba aliyomo mwanamke peke yake. Salimieni kwa salamu ya mtaa, si kwa "Bwana asifiwe", ambayo asiyeamini hana jibu lake na humfanya ajione mgeni nyumbani kwake. Mkikuta watu wanakula au wana msiba, shirikini lililopo na mambo mengine myaache kwa siku nyingine. Watoto msiwafundishe bila wazazi wao kujua.

Kisha sikilizeni. Katika Matendo sura ya 8, Filipo anapolikaribia gari la yule towashi wa Kushi, kwanza anasikia kinachosomwa, halafu anauliza kama msomaji anakielewa, na anaposema habari za Yesu anaanzia kwenye andiko lilelile lililokuwa mikononi mwa mwenzake. Mtu wa leo naye ana andiko lake, ingawa huenda halipo kwenye karatasi: shamba linalogombaniwa na ndugu, mtoto aliyeacha shule, hofu ya kurogwa, au hasira dhidi ya mchungaji aliyekula fedha za watu. Muulize kuhusu hilo, tena usimkatize. Wakati mwingine ziara yote huisha kwa kusikiliza tu, nawe waweza kurudi wiki ijayo.

Ukipewa nafasi ya kusema, toa ushuhuda wako mwenyewe, usiozidi dakika tatu: ulivyokuwa unaishi, jinsi ulivyokutana na Kristo, na kilichobadilika, pamoja na kile ambacho bado kinakusumbua. Uandae nyumbani na umsimulie kwanza mume au mke wako, kwa kuwa yeye ndiye anayejua palipotiwa chumvi. (Nimewasikia watu ambao dhambi zao za zamani huongezeka kila mwaka wanaposhika kipaza sauti, wasikilizaji hulitambua jambo hilo upesi kuliko tunavyodhani.) Ondoa lugha ya ndani ya kanisa. Badala ya "nilioshwa kwa damu", sema kwamba ulikuwa na deni kwa Mungu usiloweza kulilipa, na kwamba unaamini Yesu alikufa ili deni hilo lifutwe. Tena hakikisha madeni yako ya dukani yamelipwa kabla hujasema hivyo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulijulikana vijijini kwa walokole waliorudisha mali walizoiba na kuungama hadharani, na jambo hilo liliwafikia hata wasiohudhuria mahubiri.

Yapo maswali ambayo hayahitaji hoja. Mama aliyefiwa na mtoto akiuliza Mungu alikuwa wapi, usimfafanulie. Kaa naye, na kama hujui, sema hujui. Jirani Mwislamu akikuuliza habari za Yesu, eleza unachoamini wewe bila kuidharau dini yake, na mashindano ya mihadhara yaache, kwani nimeona yakizaa washindi wengi na waongofu wachache. Usimwahidi mtu kazi, ada ya shule wala uponyaji, na kamwe usimwambie mgonjwa aache dawa zake ili kuonyesha imani.

Akitaka kujua zaidi, msome pamoja Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu na haimchoshi msomaji mpya, sura moja kila mnapokutana, naye awe wa kwanza kusema alichokiona. Usimharakishe kwenye sala ya toba. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika pwani ya Mombasa mwaka 1846, akaishi karibu miaka 30 huko Rabai na sehemu za jirani, na alipoondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, walioamini walikuwa wachache sana. Wewe una wiki moja ya ratiba ya kanisa; usiifanye kuwa kipimo cha moyo wa mtu.

Siku atakaposema mwenyewe kwamba anataka kuja ibadani, usimwelekeze njia, bali mpitie nyumbani mwende pamoja. Mweleze mapema kwamba watu watasimama na kuketi mara nyingi, kwamba sadaka hutolewa kwa hiari na mgeni halazimiki kutoa, na kwamba huenda wageni wakaombwa kusimama wajitambulishe. Kama hilo linamtia aibu, mwambie mzee wa kanisa asimwite. Keti naye benchi moja, umfungulie kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa unaohusika, na umwoneshe mahali choo kilipo.