Namna ya kupima taarifa ya kuumia kwa mheshimiwa

Barazani Lamu pakisemwa mheshimiwa kateleza gatini akavunjika mkono, andika kwanza: nani katangaza, saa ngapi, mkono upi. Linganisha saa na jedwali la maji kujaa na kupwa, ujue kama ngazi za gati zilikuwa wazi. Ngazi za chini zenye ukoga hutokeza maji yakitoka, na kujaa hadi kupwa ni kama saa 6.

Picha ndiyo huponza wengi. Ya kujipiga huweza kugeuza kulia kuwa kushoto, basi soma maandishi yanayoonekana pichani nyuma ya mheshimiwa. Yakisomeka kinyume, picha imegeuzwa kama ya kiooni. Usimwite mtu mwongo kwa hilo. Damu iliyovilia hugeuka kijani au manjano baada ya siku 5 hadi 10, ila kwenye ngozi nyeusi haionekani vyema. Plasta ya mfupa hukaa wiki 6 hivi. Ikitolewa mapema, huenda ulikuwa mteguko tu.