Tengeneza bonde la ufa mezani kwa kilo 6 za mchanga

Siki na soda ya kuokea, zinazotumiwa darasani kuiga volkano, hutoa povu la kuvutia, lakini hazimfundishi mwanafunzi jinsi ganda la dunia linavyopasuka. Mchanga mkavu unamfundisha, kwa sababu hukatika kwa namna ileile ya miamba ya juu ya ganda hilo. Chukulia kwamba sentimita 1 ya mchanga ni kilomita 1 ya mwamba.

Simamisha juu ya ubao vipande viwili vya plastiki ngumu inayoonyesha, kila kimoja sm 50 kwa 15, vikiachana sm 15. Ziba mwisho mmoja kwa kibao kilichopigiliwa misumari. Upande wa pili weka kibao kinachoteleza, sm 5 ndani ya ukingo, na chini yake gundisha karatasi ya manila inayofika katikati ya sakafu. Ukingo wa karatasi hiyo ndio utakaoamua bonde litokee wapi, kwa hiyo ukate kwa rula.

Anika mchanga mpaka usishikane hata ukiufinya, kisha uchekeche. Unyevu ndio mharibifu mkubwa: mchanga wenye maji hufanya nyufa za wima zilizoachama, badala ya mipasuko iliyoinama. Mwaga sm 1, sawazisha bila kukandamiza, nyunyiza unga wa mkaa usiozidi mm 1, na urudie hadi kimo cha sm 5. Mkaa ukizidi hushikana na kupotosha mipasuko.

Vuta kibao polepole, milimita chache kwa wakati. Mipasuko miwili itaanzia kwenye ukingo wa karatasi na kupanda kwa mwinamo wa karibu digrii 60, ikiacha katikati kabari inayozama. Juu, bonde litakuwa na upana wa sm 6 hivi. Ukivuta zaidi ya sm 2, mipasuko mipya huzuka ndani ya bonde, na mara nyingi upande mmoja huuzidi mwenzake. Hata Ziwa Manyara liko hivyo: ukuta mkali uko magharibi, mashariki ardhi inapanda taratibu.

Usitegemee kuona kila kitu pembeni, maana mchanga hukwaruzana na plastiki na kupinda mipasuko. Nyunyizia maji kama ukungu mpaka yapenye chini, kisha kata katikati kwa kisu kipana na utazame tabaka zilivyoachana.

Jambo moja jaribio hili halionyeshi: mchanga huteleza kwa utulivu, lakini mwamba hukwama, hulimbikiza mkazo, halafu hufyatuka. Hilo ndilo tetemeko. Julai 2007, chini ya mlima Gelai kaskazini mwa Tanzania, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza kwenye ganda lililokuwa likitanuka. Matetemeko yakafuatana, kubwa kabisa likifikia kipimo cha 5.9. Septemba mwaka huohuo jirani yake, mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, ukaanza kulipuka kwa nguvu.

Kuonyesha kazi ya magma, zika puto la sm 10 lenye mrija chini ya sm 4 za mchanga. Lijaze hewa kidogo: juu zitatokea nyufa zinazotawanyika kutoka katikati. Sasa itoe hewa taratibu. Mchanga utazama ndani ya mipasuko ya duara, kama volkano ya Ngorongoro ilivyoporomoka baada ya magma kuondoka chini yake. Ukiitoa hewa ghafla utapata shimo la faneli tu, bila kuta, na itabidi uanze upya.